Weusi Wenye Rangi: Mwanamke Mweusi katika Michoro ya Lubaina Himid na katika Maneno ya Kiswahili



Naushukuru uongozi wa chuo kwa kunipa heshima ya kutoa mhadhara wa umma wa mwaka huu, na hasa kwa kukubali mhadhara huu utolewe nje ya kuta za chuo, katika wilaya iliyonizaa. Mihadhara ya taaluma za Kiswahili aghalabu huhusu sarufi, msamiati, historia ya lahaja au ushairi. Mimi nimeomba kuzungumza juu ya michoro. Mwanaisimu anayezungumzia michoro huonekana kama aliyevuka mpaka na kulima shamba la jirani. Niruhusuni niseme kwamba jembe nililokuja nalo ni lile lile la maneno.

Swali langu ni hili: Kiswahili kina maneno gani ya kumsifu mwanamke mweusi akiwa mweusi, bila kumwombea radhi na bila kumfananisha kwanza na mwezi? Nitajaribu kuonyesha kwamba lugha hiyo ya sifa tunayo, ila imetunzwa kwenye nguo, vyungu na mashamba ya wanawake kuliko katika kamusi na diwani. Na kwamba mchoraji mmoja aliyezaliwa Unguja, Lubaina Himid, ameifanyia kazi kwa makini kuliko wengi wetu tunaojiita wataalamu wa lugha.

Tuanze na sarufi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyofuata upatanisho wa ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema mto mweusi, kitambaa cheusi, mawingu meusi, nguo nyeusi. Rangi nyingine huja kwa kuegemea -a unganifu: nguo ya manjano, kitambaa cha kijani, mawingu ya kijivu. Tena ni hizo tatu tu zenye tanakali za kuzitia nguvu: nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu ndu. Sijapata kumsikia mtu akitaja zambarau kisha akaikolezea mlio.

Mwaka 1969, wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kilichodai kwamba lugha zote huongeza majina ya msingi ya rangi kwa utaratibu unaofanana, na kwamba lugha yenye majina matatu tu huwa na nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwa vivumishi vyetu, Kiswahili kinaingia katika kapu hilo bila kusukumwa. Hatari ilianza pale wasomaji wa kitabu hicho walipoyageuza madai ya mpangilio kuwa madai ya umaskini, wakasema kwamba lugha za namna hii hazijafika mbali. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu imo jikoni.

Tazameni majina yetu mengine ya rangi yanatoka wapi. Manjano ni ule mzizi unaosagwa kuwa kiungo cha mchuzi. Kijani kimetoka kwenye jani. Kijivu kimetoka kwenye jivu. Zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, na kahawia haikuachana na kahawa, zao linalowalipia karo watoto wa wilaya hii. Samawati imeshuka kutoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Na yule aliyebuni jina la damu ya mzee kwa wekundu uliokolea hata kuelekea weusi, sina budi kumwita mshairi, japo hakuna diwani yenye jina lake. Huu si msamiati wa mtu aliyeishiwa maneno. Ni msamiati wa mtu ambaye hawezi kuitaja rangi bila kukigusa kitu chenyewe. Anayesema kijivu ameshika jivu. Na ukihesabu vitu hivyo kimoja kimoja, utaona kwamba vingi vinapita mikononi mwa wanawake: jani, jivu, manjano, na kunde, ambazo nitazirudia.

Kwa hiyo tatizo letu haliko katika uchache wa majina ya rangi. Liko katika hatima ya moja ya zile tatu za asili, yaani nyeusi, inapomfikia mwanadamu.

Katika ardhi na mbingu, weusi kwetu ni neema. Udongo mweusi huzaa, na wingu jeusi humfanya mkulima wa Umatengo aharakishe jembe. Weupe nao haukuwa sifa siku zote: mwanafunzi anayetoka katika chumba cha mtihani akasema alikuwa mweupe pe, hajisifu. Lakini tukifika kwenye moyo wa mtu na ngozi yake, mizani hupinduka. Moyo mweupe ni wema, moyo mweusi ni hiana. Orodha nyeusi na soko jeusi tumeyatafsiri kutoka ng'ambo na kuyaingiza bila kuyatoza ushuru. Na katika masikio ya wengi, mweupe likisemwa juu ya binti wa Kiafrika limekwisha kuwa kisawe cha mzuri. Husikii mshenga akisema, kwa sauti ile ile ya kushawishi, kwamba binti ni mweusi ti.

Kuna kitenzi kimoja kinachonisumbua zaidi ya vivumishi vyote. Msichana aliyebadilika rangi kwa vipodozi hupokelewa na rafiki zake kwa neno moja: umetakata. Kitenzi takata ndicho kilichotupatia takasa, na ndicho kilichotupatia takatifu. Anayemwambia mwenzake kwamba ametakata kwa sababu ngozi yake imepungua weusi, anasema, hata kama hakukusudia, kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ilikuwa taka. Hakuna sera ya lugha inayoweza kulifuta tamko la namna hiyo, kwa sababu limejificha ndani ya kiambishi na mzizi, mahali ambapo msemaji hatazami.

Hata hivyo lugha hiyo hiyo ina shahidi wa upande wa pili. Kitendo chenyewe tunakiita kujichubua. Kuchubua ni kukwangua ngozi hadi ikatoka, kama inavyokuwa mtoto anapoanguka juu ya changarawe. Waliolichagua neno hilo hawakuhitaji kusomea kemia. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu, na madaktari wametueleza jinsi zebaki inavyodhuru figo. Lakini kabla ya marufuku hiyo kitenzi kilikuwa kimeshatoa hukumu yake. Na mchanganyiko wenyewe unaitwa mkorogo. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa kuwa mchoraji naye hukoroga. Anakoroga rangi ili kuongeza. Anayejichubua anakoroga ili kupunguza.

Baina ya mweusi na mweupe, Kiswahili kina jina jingine la ngozi: maji ya kunde. Ni rangi ya maji yaliyobaki chunguni baada ya kunde kuiva. Napenda kulitafakari neno hili kwa sababu halikutoka kwa mshairi wa ikulu wala kwa msanifishaji. Limetoka kwa mtu aliyeinama juu ya chungu, akatazama, akakumbuka uso wa mtu. Huo ni uchoraji. Kasoro yake ni moja tu, kwamba limesimama katikati, likawa daraja la kumwondoa mtu kwenye weusi. Kwa mweusi mwenyewe hatukulipata tunda, wala nafaka, wala maji ya chungu chochote. Tulimwachia tanakali.

Sasa niwachukueni pwani, lakini kwa njia iliyoanzia hapa kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka kandokando ya Ziwa Nyasa, ikapita nchi za Wayao, ikaishia Kilwa. Na kutoka Kilwa majahazi yalikwenda Unguja. Jina Mnyasa lilijulikana vizuri katika mitaa ya Unguja, na lilikuwa na maana ya mtu aliyeletwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873, katika utawala wa Seyyid Barghash, na hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa mwaka 1897. Wanawake kutoka mwambao huu walikuwa miongoni mwa waliosubiri tarehe hizo.

Walivaa nini? Walivaa merikani isiyopakwa rangi, na walivaa kaniki, kitambaa cha nili iliyokolezwa hata kikawa karibu na weusi. Kaniki ilikuwa nguo ya kazi na alama ya hadhi ya chini. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa Unguja baada ya utumwa, ameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoiacha kaniki na kuikimbilia kanga. Kwao kanga haikuwa pambo tu. Nguo yenye rangi, tena iliyonunuliwa kwa jasho lao wenyewe, ilikuwa tangazo kwamba mvaaji hana bwana. Wakoloni walifuta utumwa kwa karatasi. Wanawake waliufuta kwa doti.

Uchungu wa kaniki haukuisha upesi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa kutoka bara, alipopata umaarufu mjini, wapinzani wake walimkumbusha kwa nyimbo kwamba alitoka shamba na kaniki zake. Walimtukana kwa nguo na kwa sura. Siti aliwajibu kwa nyimbo, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, aliona kwamba hapo palikuwa na jambo linalostahili kitabu. Naomba mkumbuke kwamba matusi yale yalikuwa ya rangi, ingawa yalijidai kuwa ya mavazi.

Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Jina ndilo linalotuhusu wanaisimu. Mwanzoni lilichapwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi, na viwanda vilivyolichapa vilikuwa Ulaya na Asia kabla hatujapata vya kwetu, kikiwamo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Kipragmatiki, jina la kanga ni tungo ya ajabu. Lina nafsi, lakini nafsi hiyo haina mwenyewe: ni mvaaji anayesema, au mnunuzi aliyempa zawadi, au kiwanda? Lina mlengwa, lakini hatajwi. Mvaaji akishitakiwa hujibu kwamba hiyo ni nguo tu. Ushairi wetu wa kale mara nyingi ulimsema mwanamke, na tungo kama ile ya Mwana Kupona ya mwaka 1858, iliyotungwa na mama kwa ajili ya binti yake, ni za thamani kwa kuwa ndani yake mwanamke anasema mwenyewe. Kanga iliichukua haki hiyo ya kusema ikaigawa kwa kila mwenye uwezo wa kununua doti. Na maneno hayo hayasomwi pembeni ya picha. Yamo ndani ya picha, na picha imo mwilini.

Katika mji huo wa kanga, mwaka 1954, alizaliwa Lubaina Himid. Baba yake alifariki kwa malaria mtoto akiwa bado mchanga wa miezi, na mama yake, aliyekuwa msanifu wa vitambaa, akampeleka Uingereza. Alikulia London, akasoma usanifu wa jukwaa la tamthilia, kisha akasoma katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, ambako tasnifu yake ya mwaka 1984 ilihusu wasanii vijana weusi wa Uingereza. Wakati huo kumbi kubwa za London zilikuwa hazina nafasi kwa wanawake weusi. Himid hakungoja. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake weusi watano katika Africa Centre, na mwaka 1985 akaandaa mengine katika taasisi ya ICA, nayo yalipewa mahali penye hadhi ya ukumbi wa kupitia. Akayaita The Thin Black Line, yaani mstari mwembamba mweusi. Jina hilo nami naliona kuwa jina la kanga: mlengwa hakutajwa, ila alijua.

Miaka 32 baadaye, mwaka 2017, alipata tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa kuliko zote za sanaa ya kisasa nchini Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 63, na alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Tuzo hiyo ilikuwa na kikomo cha umri wa miaka 50, na kikomo hicho kiliondolewa mwaka huo huo. Kwa mwaka 2026 ameteuliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice. Nayataja haya haraka, kwa sababu tuzo hazitufundishi namna ya kutazama.

Tutazame basi. Mwaka 1984 alichora Freedom and Change, yaani Uhuru na Mabadiliko. Msingi wake ni mchoro wa Picasso wa mwaka 1922 wenye wanawake wawili wanaokimbia ufukweni. Himid aliwachukua wakimbiaji hao akawafanya wanawake weusi, akawachora juu ya kitambaa cha waridi, akawavika nguo zenye rangi na nakshi, akawapa mbwa wanne wa kuwatangulia. Nyuma yao kuna vichwa vya wanaume wawili weupe vilivyofukiwa mchangani, na mchanga unaotimuliwa na miguu ya wanawake unawaangukia. Ni mchoro wa furaha, tena wenye utani usio na huruma. Hakuna anayewatazama wanawake hao kwa ridhaa yao. Wana safari yao.

Mwaka 1991 alichora Between the Two My Heart Is Balanced. Hapa pia aliazima: mchoraji Mfaransa James Tissot, katika karne ya 19, alichora askari aliyekaa ndani ya mashua kati ya wanawake wawili, na kichekesho cha mchoro wake ni kwamba askari hajui amchague nani. Himid alimshusha askari. Wanawake wawili weusi wamebaki katika mashua, nguo zao zina rangi za kung'aa, na mahali pa mwanamume pamewekwa rundo la ramani za baharini, ambazo wanawake hao wanazichana na kuzitupa majini. Mtu wa Mbamba Bay au Liuli hahitaji kuelezwa maana ya wanawake wawili ndani ya chombo kimoja majini. Anahitaji tu kukumbushwa kwamba babu zao walivushwa na watu wenye ramani.

Kazi inayonigusa kitaaluma kuliko zote ni ya mwaka 2004, Naming the Money, ambayo naweza kuiita Kuzipa Fedha Majina. Ni sanamu bapa 100 za mbao, zenye kimo cha binadamu, zilizopakwa rangi kali na kusimamishwa ukumbini ili mtazamaji apite katikati yake. Ni Waafrika waliofanywa watumishi katika majumba ya kifalme ya Ulaya, wanaume kwa wanawake: wapiga ngoma, wafinyanzi, wacheza dansi, washona viatu, watengenezaji wa ramani, waganga wa mitishamba, wachoraji. Kila mmoja ana majina mawili, lile alilopewa kwao na lile alilobandikwa na bwana wake. Na mgongoni ana maelezo mafupi ya kazi aliyoijua zamani, kazi anayofanyishwa sasa, na kitu kidogo kilichombakia cha kumfariji. Maelezo hayo yameandikwa katika karatasi ya hesabu za biashara. Kazi hiyo sasa imo mikononi mwa Jumba la Kimataifa la Makumbusho ya Utumwa huko Liverpool.

Katika isimu tunafundisha kwamba nomino za pekee hazina maana, zina kirejelewa tu. Simama mbele ya sanamu hizo ukaendelee kulifundisha hilo. Mnyasa aliyefika Unguja alipewa jina jipya, na jina la kwao likabaki midomoni mwa watu aliowaacha ukingoni mwa ziwa, hadi nao wakafa. Himid hakudai kuyafufua majina ya kweli, kwa kuwa hayapo. Aliwapa watu hao majina mengine yaliyobuniwa kwa heshima, na aliwavika rangi. Katika daftari la mfanyabiashara walikuwa idadi; katika ukumbi wamekuwa watu waliovaa vizuri. Ni hoja ile ile ya mwanamke aliyeitupa kaniki.

Himid pia ametengeneza kazi nyingi kwa umbo la kanga lenyewe, zenye pindo, mji na jina. Mwaka 2018, katika ukumbi wa BALTIC huko Gateshead, alitundika vitambaa vya namna hiyo kama bendera, na majina yake aliyachukua kutoka kwa washairi weusi. Bendera huwa ya taifa na kanga huwa ya mtu, hapo alizikutanisha. Waandishi wa Ulaya wanapoieleza kazi hiyo husema kwamba ni vitambaa vya Afrika Mashariki vyenye maandishi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayana ladha. Mwanamke yeyote wa sokoni Mbinga angeuliza kwanza jina linasema nini na linamsema nani, na swali lake lingekuwa la kihakiki kuliko maelezo yale.

Hapa lazima niweke pingamizi, kwa kuwa naliona usoni mwa baadhi ya walimu. Je, rangi kali na mwanamke wa Kiafrika si ndicho kile kile kinachouzwa kwa watalii? Ndiyo, na tofauti ni kubwa. Mnaijua ile picha inayouzwa katika kila soko la vinyago: wanawake watatu warefu kama mianzi, mitungi kichwani, jua la machungwa nyuma yao, na nyuso hawana. Sisemi hivyo kuwadharau vijana wanaoichora, wanahitaji kula. Lakini ile si sifa ya mwanamke. Ni mwanamke aliyegeuzwa pambo la ukuta. Rangi peke yake haimsifu mtu. Mkoa wetu unayo heshima ya kumzaa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufa Dar es Salaam mwaka 1972, aliyechukua rangi za baiskeli na vipande vya mbao laini akaanzisha mtindo unaolitangaza jina lake ulimwenguni. Wanyama wake wana macho yanayokutazama. Wanawake wengi waliochorwa kwa ajili ya watalii baada yake hawakupewa hata hayo macho ya chui.

Wanawake wa Himid wana sura. Nalisema neno hilo kwa makusudi. Sura ya mtu, pamoja na taswira, vinatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya umbo na picha. Sura ya kitabu inatoka katika neno jingine, na Kiswahili kimeyaunganisha matamshi yao hata mtoto wa shule hajui kwamba yalikuwa mawili. Huenda lugha iliona mbali. Mwanamke asiye na sura hana sehemu ya hadithi. Wale wa Himid wanazungumza wao kwa wao, wanabishana, wanapanga, wanachana ramani. Weusi wa ngozi zao haukufifishwa ili uafikiane na nguo. Nguo ndizo zilizochaguliwa zitoshe kusimama kando ya weusi huo. Samawati huonekana samawati zaidi ikiwa karibu nao, na waridi huwa waridi kweli. Katika michoro hiyo mweusi ti si tusi wala takwimu, ni rangi inayoziongoza nyingine.

Nikirudi kwenye milima yetu, naona hali hiyo haikuwa ngeni. Tazameni ngoro kutoka ng'ambo ya bonde. Wanaume hufyeka na kulaza majani kwa mistari inayokatana; wanawake huyafukia kwa udongo, wakichimba katikati ya kila pembe nne, hadi mlima mzima ukawa na nakshi ya vishimo inayoshika maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko. Wataalamu wa kilimo wamekuja kutoka mbali kuipima. Hakuna mtaalamu wa sanaa aliyekuja kuitazama, japokuwa ni kitambaa cheusi kilichodariziwa na jembe la mwanamke, na maharage yakiota kinapata mji wa kijani. Shukeni ziwani mtazame kioda. Wanawake wamesimama kwa safu, wamevaa sare waliyoichagua na kuichangia wenyewe, na ngoma hiyo inachezwa pande zote mbili za maji, kwetu na Malawi. Majadiliano ya kuchagua sare ile, rangi ipi mwaka huu na kwa nini si ile ya kikundi cha kijiji cha pili, ni majadiliano ya kihakiki yanayofanywa kwa Kinyanja, Kimanda, Kimpoto na Kimatengo, na hakuna aliyeyaandika.

Basi nina maombi mawili, na yote ni ya kazi. La kwanza ni kwa watunga kamusi, nikiwamo mimi mwenyewe. Tunapoeleza takata, tuonyeshe kwa mfano matumizi yake juu ya ngozi, na tumwelekeze msomaji kwenye chubua, ili maneno hayo mawili yasomwe pamoja. Tunapoeleza nyeusi, mifano yetu isiishie kwenye usiku, hiana na msiba. Udongo na wingu vipo, na ngozi ya mtu mzuri ipo. Mfano wa sentensi katika kamusi ni kitu kidogo, lakini mtoto huusoma akiwa peke yake, hakuna wa kumbishia.

La pili ni kwenu wanafunzi wa mikoa hii. Likizo ijayo kaeni na wanawake wazee wa Ukata, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mwaulize majina ya rangi za nguo za kioda walizovaa wakiwa wasichana, kwa lugha zao wenyewe, na mwaulize walimwitaje binti mweusi aliyependeza. Msiwape orodha ya majina ya kujibu. Wapelekeeni vipande vya vitambaa, wavishike. Majibu yaandikeni kama yalivyotamkwa, pamoja na jina la kitu ambacho rangi imelinganishwa nacho, hata kikiwa ni mdudu au sufuria. Mtakapoyaleta tutayapanga pamoja, na mama zangu waliokaa safu ya mbele wameniahidi kwamba wao wataanza leo jioni.